Treni, Gari au Teksi ya Umeme? Sisi wa Tukuyu Tumeulizwa Lini?

Mnaosoma kwa VPN poleni na bando.

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la vijana mdau mmoja wa Dar alirusha swali: ukitaka kusafiri mkoa kwa mkoa, bora treni, gari lako mwenyewe, au teksi ya umeme? Watu wakachangamka kweli. Mmoja anasifia SGR, mwingine anasema yeye na IST yake mpaka kifo, wa tatu katuma picha za magari ya Kichina yasiyokuwa na bomba la moshi. Mpaka usiku zimefika posti zaidi ya mia. Mimi nilikuwa nimekaa stendi ya Tukuyu, mvua inanyesha, nasubiri Kosta ijae. Nikasoma zote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hayo machaguo yapo kwa kila mtu.

Najua kuna wataosema: kamanda, Mwenyekiti aliwekwa mahabusu Aprili 2025 kwa kesi ya uhaini, na wewe unatuletea habari za treni? Ndiyo, nawaletea. Kwa sababu mama anayeuza ndizi Kiwira hawezi kukuelewa ukimwambia katiba mpya kama huwezi kumwonyesha katiba hiyo inaingiaje kwenye safari yake ya kwenda Dar na mgonjwa. Tukishindwa hapo, tutabaki tunaongea wenyewe kwa wenyewe.

Mgonjwa ninayemsema ni mama yangu mdogo. Tangu mwaka jana ana rufaa ya Dar, kila baada ya wiki kadhaa lazima aende. Mgongo haumruhusu kukaa muda mrefu. Toka Tukuyu mpaka Dar ni kama kilomita 900. Kwa nauli ya LATRA iliyoanza Desemba 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo mtu mmoja ni kama 43,600. Yeye na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni 175,000 bila chakula, bila pa kulala, bila bajaji ya kumfikisha hospitali. Na njia nzima amekaa. Safari ya kwanza alifika akashindwa kushuka kwenye ngazi za basi, tukambeba.

Sasa kwa mtu kama huyo, usafiri unaofaa kuliko wote ni upi? Ni treni. Sio SGR. Naisema TAZARA. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili vitanda sita. Mgonjwa analala, choo kipo, akitaka kunyoosha miguu anatembea kwenye korido. Stesheni ya Mbeya ipo pale Iyunga: unatoka Tukuyu na Kosta, unapita Kiwira, unapanda mpaka Isyonje kwenye ukungu, unashuka Uyole, unachukua daladala nyingine, umefika. Reli hiyo imepita hapo toka babu zetu wako vijana. Walianza kuijenga mwaka 1970, ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, wakati mabeberu walisema haitalipa. Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wengine wamezikwa Gongo la Mboto mpaka leo. Babu yangu mzaa baba alibeba zege kwenye hiyo reli, na alikuwa akisikia honi yake anavua kofia. Tulikuwa tunamcheka.

Lakini treni ya abiria si ya kila siku, tena kama ratiba imeshika. Siku ya kliniki haikuulizi treni inaondoka lini. Ukikosa moja unangoja nyingine siku kadhaa, na ukitaka kuwahi kliniki asubuhi inabidi ufike Dar mapema, ulale kwa watu. Mama mdogo aliniambia, "Gwe mwanangu, hiyo treni ni ya watu wenye ndugu Dar." Akapanda basi.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza ni chawa, wa pili ni sisi wenyewe.

Chawa kila kona anatuimbia SGR. Agosti 1, 2024 Rais Samia aliizindua pale Dodoma, na toka hapo ukilalamika shimo la barabara Busokelo unajibiwa "tuna treni ya umeme". Sawa, tunayo. Mwaka 2024 nauli ilikuwa Dar–Dodoma 31,000, Dar–Morogoro 13,000. Hongera. Sasa nionyeshe mtu wa Rungwe anaipandaje. Nitoke Tukuyu, nipite Mbeya, Makambako, Mafinga, Iringa, niteremke Kitonga, nivuke Mikumi na tembo wake, nifike Msamvu nimeshamaliza kama kilomita 700 kwenye basi, zimebaki kama 190, halafu ndio nishuke na mgonjwa wangu nitafute bajaji ya kunipeleka stesheni ili nionje maendeleo! Reli ile inaelekea Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigoma. Nyanda za Juu Kusini haimo. Sisi tunaolisha nchi viazi, ndizi, maziwa, chai na siku hizi parachichi, tumebaki kuiangalia kwenye kalenda.

Lakini makamanda, na sisi tuna kosa. Nimesoma humu humu vijana wetu wakiicheka SGR siku ikiharibika njiani, wakipiga vigelegele kama vile ni treni ya CCM. Ile sio ya CCM. Imejengwa kwa kodi ya mama anayenunua sabuni pale Ushirika na kwa mikopo ambayo wanangu watailipa. Mtu hachomi nyumba yake eti kwa sababu mpangaji ni mkorofi. SGR inafanya kazi, abiria wa Dodoma wanaipenda, na ukienda kumwambia mtu wa Dodoma kwamba treni yake ni ujinga, umempoteza. Hoja yetu ni kwamba anayeamua reli ipite wapi, na ipi iachwe ife, hatumjui na hatuwezi kumuuliza. Tukisema hivyo hata wa Dodoma anatuelewa.

Maana TAZARA iliachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inabeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani laki moja. Shaba ya Zambia na Kongo haikuacha kuchimbwa, iliendelea kuja bandarini. Ilihamia wapi? Ilihamia kwenye malori. Na malori yanapita wapi? Tunduma, Mbalizi, Iyunga, Uyole.

Juni 7, 2025 mteremko wa Iwambi lori lilishindwa breki likakumba magari mengine. Watu 28. Sio wa kwanza, na mteremko ni ule ule tunaoujua wote. Ni Iwambi hiyo hiyo ambako Mdude alichukuliwa nyumbani kwake Mei 2 mwaka huo, na mpaka leo hatujui alipo. Viongozi wakaja, wakatoa pole, wakasema madereva wawe makini. Madereva! Treni moja ya mizigo yenye tani 1,000 inaondoa barabarani malori zaidi ya 30. Ukitaka kujua bei ya reli iliyokufa usiulize stesheni Iyunga, nenda kaulize Mbalizi kwenye misiba. Ndiyo maana nasema hata wewe ambaye hutapanda treni maisha yako yote, unayeenda na Hiace yako Mwanjelwa kununua mitumba, TAZARA ni suala lako.

Wanajenga njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29. Nzuri, nitaipita na mimi, na vumbi lake tunalila kila siku. Ila lori lisilo na breki kwenye njia nne bado ni lori lisilo na breki.

Turudi kwenye swali la mdau. Gari binafsi. Kijana wa Dar akisema "gari binafsi" ana maana IST yake, mziki, anasimama Ruaha Mbuyuni anakula samaki. Tupige hesabu basi. Mwaka 2025 lita moja ya petroli huku kwetu ilikuwa karibu elfu tatu. IST ikila vizuri inakupa kilomita 14 kwa lita. Kilomita 900 ni lita 64, kama 192,000 kwenda tu. Ukiwa peke yako ni mara nne na zaidi ya nauli ya basi. Mkiwa wanne ni 48,000 kila mmoja, mnakaribiana na basi, na mgonjwa unaweza kumlaza siti ya nyuma kama mtabaki wawili mbele, lakini hapo hamko tena wanne. Ndivyo tulivyofanya safari ya tatu: jirani mwenye Noah alitupa gari, sisi tukaweka mafuta na kumlipa dereva. Tuliuza ndama.

Wengi wetu hapa Rungwe "gari dogo" maana yake ni mchomoko. Kigari cha mtu, siti za watu wanne wamepakiwa saba, hakina leseni ya abiria wala bima ya kukulipa ukifa, kinakimbia kuliko Kosta kwa sababu hakisimami kila kona. Tunapanda. Usije hapa kunihubiria usalama. Mtu anawahi, Kosta haijajaa, mvua inanyesha, anapanda. Mamlaka zikiamka zinafanya msako wa wiki moja, zinakamata, zinatoza faini, halafu faini inarudi kwenye nauli. Hakuna aliyewahi kukaa na vijana wanaoendesha wale akawaambia: jisajilini hivi, pakieni watu hivi, bima hii hapa. Wale ni vijana wenzetu, kazi nyingine hawana. Chama kinachotaka kura zao kianze kwa kutowaita wahalifu.

Halafu teksi ya umeme. Hapa nilidhani nitacheka, nikajikuta nafikiri.

Hesabu yake ni tamu. Gari dogo la umeme linakula kama uniti 16 kwa kilomita 100. Tukuyu–Dar ni uniti 144. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, 292 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo iseme 350, inatoka kama 50,000. Petroli 192,000, umeme 50,000. Na umeme upo, wao wenyewe wametuambia. Machi 2024 mitambo mitano ya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji, wakati huo bwawa la Nyerere limeanza tu kuwasha mashine ya kwanza kati ya tisa. Megawati 2,115 hizo. Petroli tunaagiza nje kwa dola, inasafirishwa toka Dar kwa lori mpaka Tukuyu (lori lingine hilo Kitonga), wakati umeme wa kwetu unakosa mnunuzi.

Tatizo ni kwamba gari hilo likitoka Dar litakomea njiani. La bei inayoshikika linaenda kilomita 300 hivi, na kupandisha Kitonga kunalila zaidi. Kwa hiyo uchaji Morogoro, uchaji Iringa, uchaji Makambako. Wapi? Kwenye soketi ya nani? Kwa umeme wa nyumbani unakaa usiku kucha. Safari ya siku moja inakuwa ya siku nne, bora treni ya babu. Nairobi waliwahi: mwaka 2018 ilianza kampuni ya teksi za umeme, NopeaRide, ilipofika mwisho wa 2022 ikafunga. Lakini Nairobi hiyo hiyo mwaka 2022 yakaja mabasi ya BasiGo, wao wakampa mwenye matatu mkataba wa kulipia betri kwa kila kilomita anayotembea badala ya kuinunua yote siku ya kwanza, na yanatembea. Ethiopia mwaka 2024 walizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta. Sisi tulizima mitambo.

Kwa maoni yangu, na mnaweza kunipinga, teksi ya umeme ya Dar–Mbeya kwa leo ni mapambo ya grupu la WhatsApp. Ya Tukuyu–Mbeya sio mapambo. Ni kilomita kama 70. Gari linaenda na kurudi na chaji inabaki, linalala linachajiwa, kesho linaanza. Anza na michomoko hiyo hiyo na bajaji za Mbeya. Weka chaja stendi ya Tukuyu na Nane Nane. Kijana anayelipa hesabu kwa tajiri kila jioni, nusu ya pesa yake ikiwa imeishia kwenye kituo cha mafuta, muulize kama anataka. Na chini ya miguu yetu kuna moto: Ngozi na Kyejo sio milima ya picha tu, jotoardhi ya Ngozi imefanyiwa utafiti miaka na miaka. Kyejo tayari wanavuna gesi ya kuweka kwenye soda, gesi inapanda lori inaondoka. Joto bado.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdau: kwa mgonjwa, treni, kwa Tukuyu–Mbeya, umeme, na gari binafsi kwa mwenye ndama wa kuuza. Leo hii lakini hakuna hata kimoja kilicho tayari, na sababu haiko kwenye teknolojia.

Septemba 2024 kule Beijing, mbele ya Rais wetu, wa Zambia na wa China, ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kilichozungumzwa baada ya hapo ni kampuni ya CCECC kuweka pesa na kupewa reli kwa miaka 30. Miaka 30, makamanda! Mwenye miaka 20 leo atakuwa na 50. Mimi sipingi mwekezaji. Reli hii ilijengwa na Wachina na babu yangu, wakirudi kuitengeneza karibuni. Nachouliza ni hiki: ndani ya huo mkataba abiria yumo? Mwekezaji anakuja kubeba shaba, shaba ndiyo inayolipa, hilo halina ubaya, tena ndilo litakalopunguza malori Mbalizi. Lakini kama hakuna kifungu kinachosema treni ya abiria lazima iende mara ngapi kwa wiki, kwa nauli inayodhibitiwa na nani, na faini gani asipoiendesha, basi abiria ataondolewa kimya kimya kwa sababu hana faida. Tutakuwa na reli mpya inayong'aa, treni zinapita Iyunga bila kusimama.

Tunayajua haya. Mwaka 2023 mkataba wa bandari na Dubai tuliusoma mitandaoni ukiwa umeshasainiwa, na kesi yake ilisikilizwa hapa hapa Mahakama Kuu Mbeya, wakashindwa walalamikaji. Somo nililochukua mimi pale ni kwamba ukisubiri kusaini kuishe ndio uanze kelele, umechelewa. Bunge lililochaguliwa 2020 karibu lote lilikuwa la chama kimoja, usingetegemea likuulizie. Kelele ni kabla ya kusaini.

Na kelele yenyewe iwe ya adabu na yenye namba. Yeyote atakayekuja Rungwe kuomba kura, awe wa kijani au wa rangi yoyote, aulizwe mbele za watu: TAZARA, abiria mara ngapi kwa wiki? Chaja ya kwanza stendi ya Tukuyu, lini? Katumba–Lwangwa–Mbambo–Tukuyu, lami imekuja kwa vipande kampeni hadi kampeni, kipande cha mwisho lini? Rekodi jibu lake kwa simu. Usimtukane, usimzomee, mpe maiki arudie. Msipige picha sura za walioko mkutanoni, mnajua hali ilivyo.

Na wale wa Dar mkiendelea na mjadala wenu wa treni gani nzuri, ndaga fijo, endeleeni, ila mtuwekee na safu yetu.

Mama mdogo ana kliniki tena tarehe 19. Treni ya wiki hiyo haiendani na siku yake. Tumeshaongea na mwenye Noah, amesema mafuta tuweke kamili safari hii.